Viti Kumi vya Fenna

Kijiwe chetu ni benchi la mbao nje ya duka la baiskeli la Spana. Duka lenyewe lilifungwa miaka sita iliyopita, ila benchi likagoma kustaafu. Liko hapa Gouda, Uholanzi, mtaa wa nyuma ya kanisa, upande unaopata jua saa nne u nusu, na saa nne u nusu ndipo kahawa inapofika. Anayeileta ni Ratiba, ndani ya chupa ya chai ya vikombe vinane, pamoja na bati la biskuti linalofunguliwa mara moja tu: kila mtu anachukua biskuti moja, bati linafungwa, na hakuna anayeuliza zaidi. Ratiba jina lake halisi ni Gesina, alikuwa karani mkuu wa shule, na hata kupiga chafya anapanga. Spana ni Teunis, fundi baiskeli, mtu wa nyundo na misumari. Profesa ni Ludo, ambaye hajawahi kumfundisha mtu kitu chochote, ila anasoma magazeti matatu kwa siku. Mimi ni Harmen. Nilisambaza barua mtaa huu miaka thelathini na moja, kwa hiyo wananiita Posta. Alhamisi hiyo ya mwezi wa nne tulikuta ng'ambo ya barabara, mbele ya namba kumi na moja, kwa Machteld mtengeneza vikaragosi, limeshushwa kontena la taka, la njano, kubwa, na tupu.

— Nani kafa? akauliza Spana kabla hata hajakaa.

— Hajafa mtu, akajibu Ratiba huku anamimina. Machteld anatupa vitu.

— Vitu gani?

— Vyote.

— Vyote na vikaragosi?

— Nimesema vyote, Teunis. Shika kikombe.

Hapa lazima niwaambie jambo kuhusu mtaa wetu. Sisi hatufungi mapazia. Dirisha la sebule linatazama barabara, na anayepita anaona mpaka jikoni kwa nyuma: meza imefutwa, vyombo viwili vya maua vinavyofanana vimesimama dirishani, hakuna hata gazeti sakafuni. Hakuna sheria iliyoandikwa, ila ukifunga pazia mchana watu wanaanza kujiuliza una nini. Pazia la Machteld lilikuwa limefungwa mwaka wa tatu sasa. Asubuhi anazunguka mashuleni na vikaragosi vyake, jioni anarudi kugundisha vichwa na kushona vijinguo, na katikati ya hayo analea binti peke yake. Sisi wanne kila siku tunakaa hapa, tunalitazama lile pazia, tunatikisa vichwa. Kwa kutikisa vichwa tulikuwa hodari sana.

— Tatizo ni Fenna, akasema Ratiba. Jumamosi anatimiza miaka kumi na miwili. Mwaka juzi bethdei yake ilifanyika kwa bibi yake. Mwaka jana kwa bibi yake tena. Safari hii mtoto kasema anataka viti vyake vipangwe kwao.

— Ana haki, akasema Profesa.

Haki anayo kweli. Kwetu bethdei ni viti vilivyopangwa duara sebuleni. Unaingia, unampongeza mwenye siku yake, unampongeza mama yake, bibi yake, shangazi yake na hata jirani yake, kisha unakaa na kupewa kahawa na kipande kimoja cha keki. Bila duara hakuna bethdei, kuna watu tu wamesimama.

— Kamuuliza mama yake, akaendelea Ratiba: "Mama, viti kumi vitaenea?" Hakulia, hakununa. Kauliza tu. Machteld mwenyewe kanisimulia Jumatatu, pale kwenye mapipa ya taka. Anasema alizunguka sebule nzima na kiti mkononi, akakosa pa kukiweka.

— Kiti kimoja?

— Kimoja. Hapo ndipo akapiga simu kontena liletwe. Lori linakuja kulichukua saa sita. Kasema ni ama nyumba ama vikaragosi, na yeye kachagua nyumba. Wiki ijayo anaanza kazi kwenye ghala la maua, kupakia masanduku.

Nikanywa kahawa nikaungua ulimi. Ndani ya nyumba ile kulikuwa na jambo langu mimi pia, nitalisema likifika zamu yake.

Mlango wa namba kumi na moja ukafunguka. Machteld akatoka kinyumenyume, nywele zimejaa vumbi, anaburuta mabaki ya baiskeli, yale mafremu matupu yasiyo na magurudumu. Akayalaza kando ya njia, siyo ndani ya kontena, akarudi. Akatoka tena na bunda la magazeti lililofungwa kamba. Akatupungia mkono. Na sisi tukampungia, hakuna aliyeinuka.

— Mimi nilimwambia tangu zamani, akasema Ratiba. Nilimchorea hadi jedwali. Jumatatu ngazi, Jumanne jikoni, Jumatano kabati la chini. Dakika kumi na tano kila siku, na kila chumba kina rangi yake. Kitambaa cha bluu hakivuki kwenda chumba cha kijani.

— Na kikivuka?

— Kinarudishwa.

— Na nani, polisi?

— Cheka tu, Teunis. Kwangu sahani zinajua zamu zake za kutumika. Nimeziandika namba kwa chini. Hakuna sahani inayochoka kuliko nyingine.

— Mtu wa sanaa hawezi kuishi hivyo, mama, akabisha Spana. Kichwa chake kikipata jambo saa mbili, utamwambia asubiri Jumatano?

— Asubiri. Jambo likiwa zuri halitaoza.

— Sikilizeni, akasema Spana, akaweka kikombe chini ili mikono iwe huru. Shida siyo siku, shida ni sakafu. Watu wanaweka vitu chini kama vile sakafu ni rafu. Sakafu ni ya miguu. Nyumba ina kuta nne na dari, na hizo zote zimekaa bure. Tia ndoano. Baiskeli yangu inaning'inia, ngazi inaning'inia, hata masufuria yananing'inia.

— Na wewe mwenyewe?

— Nilifikiria kitanda. Siwatanii. Unakifunga kamba nne na puli, asubuhi unakivuta juu, jioni unakishusha. Machteld ningemfungia meza ya kazi, viti, vikaragosi, kila kitu juu. Wageni wakija, sebule tupu.

— Na wageni wakitazama juu?

— Wageni wenye adabu hawatazami juu.

Profesa alikuwa amekunja gazeti. Akikunja gazeti ujue umeingia hasara.

— Nyote mnaongea mambo ya juu juu, akasema. Twende chini. Mji huu umejengwa juu ya tope, na unazama, kila mwaka kidogo. Hilo mnalijua.

— Tunalijua.

— Sasa jiulizeni, kwa nini mvua ikinyesha maji yanasimama mlangoni kwangu na siyo kwa Ratiba? Ni kwa sababu mimi nimepakana na Machteld. Uzito, jamani. Vitu vyake vina uzito. Ile nyumba inazama kuliko zote, na inavuta upande wetu mzima.

— Kwa hiyo akitupa vitu vyake, mtaa utapanda?

— Utapanda upande mmoja. Hiyo ndiyo hatari yenyewe. Ukipanda ghafla, kanisa litainama. Mimi ningemshauri atoe kilo kumi kwa wiki, na kila anachotoa huku, mtu wa upande wa pili aongeze kitu kizito.

— Kizito kama wewe, akasema Spana.

— Niko serious, bwana.

— Hilo ndilo linalotutisha.

Tulikuwa tunacheka bado Machteld alipotoka na kile kisanduku cha mbao. Wote tulikifahamu, ndicho anachokwenda nacho mashuleni. Akakiweka juu ya ukingo wa kontena, akabaki amekishika kwa mikono miwili. Kifuniko kilikuwa wazi, na kichwa kimoja kilikuwa kimechungulia nje: mzee mwenye pua nyekundu, kofia ya posta, na begi refu linaloburuza chini. Yule ni mimi. Alinitengeneza mwaka nilipostaafu. Katika mchezo wake barua zote zinamtoroka huyo mzee, naye anazikimbiza mtaa mzima, na nimewahi kuwaona watoto sitini wakicheka mpaka mmoja akajikojolea. Sijawahi kujivunia kitu kuliko yule kikojozi.

— Machteld, nikamwita. Hicho nacho?

— Hicho cha mwisho, mzee Posta. Nimekiweka hapa nisije nikakisahau.

— Si ungekihifadhi mahali?

— Wapi?

Nikageuka kutazama mlango wake uliokuwa wazi.

— Msinionee huruma, akasema. Nimechoka tu. Nimechoka kumwambia mtoto sogeza hiki, ruka kile, kula umesimama. Juzi kafanya kazi ya shule akiwa amekaa kwenye ngazi, daftari juu ya magoti, akaniambia "usijali Mama, nimezoea." Hilo la kuzoea ndilo lililonimaliza.

Akaingia ndani. Sisi wanne tukatazama vikombe vyetu. Nilihisi aibu, ila nilikuwa bado sijajua aibu ya nini.

— Mtu angemsaidia mapema, akasema Ratiba taratibu.

— Mtu gani? akauliza Spana.

— Mtu yeyote.

Hapo ndipo akaja yule mama mgeni wa namba kumi na saba, Afke. Amehamia wiki tatu zilizopita akitokea mkoa wa Friesland, mwanamke wa makamo, mrefu, muuguzi, asiye na maneno mengi. Alikuwa na kikombe chake mkononi.

— Habari za asubuhi. Naweza kukaa?

Tukasogeleana. Ratiba akammiminia, kisha akafanya jambo ambalo sijawahi kuliona katika miaka sita: akafungua bati mara ya pili. Afke akachukua biskuti moja, bati likafungwa kabla mkono wa Spana haujafika.

— Jirani anahama? akauliza Afke.

— Hahami. Anasafisha, akasema Profesa. Ni msanii, ndiyo maana. Wasanii hawawezi kutunza nyumba. Ubongo wao una upande mmoja tu unaofanya kazi, na upande wenyewe hauna kabati.

— Aha.

Afke akawa anatafuna, anatazama vilivyopangwa kando ya njia. Kulikuwa na mafremu ya baiskeli matatu. Kulikuwa na mabunda ya magazeti, nilihesabu ishirini nikaacha. Kulikuwa na viatu vya barafu, vile vya kuteleza vyenye chuma kirefu chini, vya ngozi nyeusi. Na kupitia mlango uliobaki wazi tuliweza kuona sebule, na katikati ya sebule, pale hasa ambapo duara la viti lingekaa, kinanda kikubwa cha zamani cha kukanyaga kwa miguu.

Akainuka, akavuka barabara, akaokota kiatu kimoja cha barafu. Akakigeuza. Akarudi nacho.

— Namba arobaini na sita, akasema. Huyu dada ana miguu mikubwa hivyo?

Spana alivuta miguu yake taratibu chini ya benchi, lakini miguu ile haina pa kujificha.

— Samahani, sijui mambo ya hapa, akasema Afke. Nauliza tu. Kati ya vile vyote pale, vyake yeye ni vipi?

Nimekaa kwenye lile benchi miaka sita na nimesikia maswali mengi. Tumebishana juu ya mwezi, juu ya mfalme, juu ya kwa nini mkate siku hizi una hewa nyingi, na hatujawahi kukosa jibu. Swali la Afke lilikaa kati yetu kama mgeni asiyepewa kiti.

— Viatu ni vyangu, akasema Spana mwishowe. Nilimpa. Nilidhani ile ngozi... anaweza kutengenezea kitu.

— Na baiskeli?

— Na baiskeli. Mifupa. Nilifikiri vikaragosi vinahitaji mifupa.

— Magazeti ni yangu, akasema Profesa, na sauti yake ilikuwa ndogo. Vichwa vyake anatengeneza kwa gazeti na gundi. Nampelekea kila Ijumaa. Miaka minane sasa.

— Kichwa kimoja kinakula magazeti mangapi? akauliza Afke.

— Labda mawili.

Tukageuka kumtazama Ratiba. Ratiba alikuwa anafunga chupa, anaifungua, anaifunga.

— Kinanda cha marehemu mama yangu, akasema. Kwangu hakikuwa na mahali. Ilikuwa kwa wiki mbili tu, mpaka nipate nafasi kwenye jedwali.

— Lini hiyo?

— Mwaka wa kura ile ya mwisho ya manispaa. Siyo, ile ya kabla yake.

Basi zamu yangu ikawa imefika. Walikuwa wananitazama, na Afke pia, kwa upole wa watu wa hospitali unaokufanya useme ukweli.

— Makoti, nikasema. Ya Wilma.

Wilma ni mke wangu. Alifariki miaka mitatu na nusu iliyopita, mwezi wa kumi na moja. Alikuwa na makoti kumi na moja, maana alikuwa na ugonjwa wa makoti, kila majira ya baridi lazima moja jipya. Sikuweza kuyatupa, na sikuweza kuyaona kila asubuhi nikifungua kabati. Nikayatia kwenye mifuko minne nikavuka nayo barabara. Nikamwambia Machteld: kitambaa kizuri hiki, kata, shonea vikaragosi. Akasema asante. Nikarudi nyumbani nikapanga kabati langu, likawa safi, nikafungua pazia. Halafu nikaja kukaa hapa kulitazama pazia lake na kutikisa kichwa.

Machteld alikuwa ametoka. Alikuwa amesimama kando ya kontena na kigari cha kusukumia mtoto, cha nani sijui hadi leo, na alikuwa amesikia.

— Dada, Afke akamwuliza, kwa nini hukukataa?

Machteld akafikiri. Alifikiri kwa kweli, kama mtu ambaye swali hilo hajawahi kuulizwa.

— Walikuwa wanakuja wamefurahi, akasema. Mzee Spana ananitengenezea baiskeli, hajawahi kunitoza. Mama Gesina alikaa na Fenna alipougua tetekuwanga. Nitawaambiaje hapana? Halafu kila mtu analeta kimoja tu. Kimoja ni kitu gani?

— Na vyako wewe?

— Vyangu? Akahesabu kwa vidole. Meza. Kabati la zana. Masanduku mawili. Na hicho. Akagusa kisanduku cha mbao. Basi.

Ilikuwa saa tano na dakika kumi. Ratiba akasimama, akakung'uta makombo kwenye sketi.

— Teunis, leta toroli, akasema. Ludo, Harmen, mkono wa kushoto wa kinanda. Afke, samahani, wewe umekuja kunywa kahawa, lakini una mabega.

Sikumbuki saa nzima nyingine kama ile. Kinanda kilitoka kikilia, maana Profesa alikuwa anakiegemea kwa tumbo, na kikavuka barabara mpaka kwa Ratiba, kikaingia sebuleni kwake kwa kugombana na mlango. Pa kukiweka palikuwa mahali pamoja tu, mbele ya dirisha. Vile vyombo viwili vya maua vikakosa makao. Ratiba alivishika kimoja kila mkono, akageuka kulia, akageuka kushoto, na nadhani ndipo alipoelewa habari ya Machteld na kile kiti.

Spana alitupa viatu vyake kwenye kontena mwenyewe. Vilipogonga chini alifumba macho. Profesa alitaka kutupa magazeti humo humo, Ratiba akamzuia: karatasi haichanganywi na taka nyingine, mtaa huu una utaratibu. Kwa hiyo mwanazuoni wetu alikwenda na toroli mpaka pipa la karatasi la karibu na mfereji na kurudi, safari tisa, na kila akipita alitazama chini kuona kama mtaa umepanda.

Mimi niliingia kuchukua mifuko yangu.

— Hakuna mifuko, mzee Posta, akasema Machteld. Njoo.

Akanipandisha chumbani kwake. Kwenye ngazi kulikuwa na makreti, na ndani ya makreti nikaona sweta zake, suruali zake, nguo za Fenna, zimekunjwa vizuri. Sikuelewa nguo zao zinafanya nini kwenye ngazi. Akafungua kabati. Makoti ya Wilma yalikuwa humo, kumi na moja, kila moja kwenye henga yake, kabati zima, na hakukuwa na kitu kingine.

— Nilijaribu, akasema. Mara mbili nilishika mkasi. La kijani nikatia mkono mfukoni kwanza, nikakuta karatasi ya manunuzi. Vitunguu, mishumaa, stempu. Nikashindwa.

Akanipa ile karatasi. Mwandiko wa Wilma ulikuwa unainama kushoto. Miaka yote tuliyoishi pamoja alinunua stempu zake mwenyewe dukani, asije mtu akasema mke wa mtu wa posta anajichotea. Nilikaa kitandani kwa watu nikalia, na sioni sababu ya kuficha hilo. Nililia kwa sababu yake, na nililia pia kwa sababu mwanamke huyu alikuwa amehamishia nguo zake kwenye ngazi ili marehemu wangu apate kabati.

— Kumi nakwenda nayo, nikasema nilipoweza. Ni yangu, nitajua la kuyafanya. Hili la kijani libaki. Kata.

— Una uhakika?

— Kata kabla sijabadili mawazo, binti. Una bethdei ya mtoto Jumamosi.

Tuliposhuka, sebule ilikuwa na sakafu. Afke alikuwa anaifagia. Vikaragosi vilikuwa vimetolewa nje ili visile vumbi, na mtu, nadhani Spana, alikuwa amevipanga kwenye benchi letu, kumi na wanne, wamekaa bega kwa bega kwenye jua. Yule mzee wa posta kapakatishwa chupa ya chai.

Lori likafika saa sita kamili. Dereva akatazama kontena, akatazama orodha yake.

— Nimeambiwa litajaa, akasema. Ni nusu tu hili. Na hao?

— Hao wanakaa hapa, nikamwambia. Ni kijiwe chao.

Jumamosi pazia la namba kumi na moja lilikuwa wazi. La Ratiba lilikuwa limefungwa, na hakuna aliyesema neno, maana sasa tulijua kuna nini nyuma yake na tunajua kilikuwa wapi zamani. Tukaingia, tukampongeza Fenna, tukampongeza mama yake, bibi yake, na tukapongezana wenyewe kwa wenyewe. Viti kumi vilienea. Tatizo ni kwamba tulikuwa watu kumi na watatu, kwa sababu Afke alikuja na sisi tulikuja wote. Spana na mimi tukatoka, tukabeba benchi, tukaliingiza ndani kwa ubavu, na likaziba lile pengo la duara kama lilikatwa kwa kipimo.

Katika nadharia zote za Alhamisi, ukutani zilikuwa zimebaki ndoano tano za Spana kwa ajili ya vikaragosi, na mlangoni kikaratasi cha Ratiba chenye mstari mmoja badala ya jedwali: meza iwe tupu kabla ya chakula cha jioni. Ya Profesa haikutumika. Ghala la maua Machteld alilipigia simu Ijumaa, akawaambia asante, amepata kazi, ile ile aliyokuwa nayo.

Kisha akazima taa ya dari, akatuonyesha mchezo mpya. Yule mzee wa posta anakimbiza barua zake, kama kawaida, zinamtoroka, kama kawaida. Ila safari hii anatokea mama mmoja mfupi, mwenye haraka, kavaa koti la kijani, na kila barua inayopita juu anaidaka, anaitia mfukoni, na kumkabidhi mumewe. Koti lilikuwa limekatwa vizuri. Hata vifungo alivipunguza ukubwa. Nilicheka nikiwa na keki mdomoni, na Afke akanipigapiga mgongoni kwa nguvu za kazini.

Taa ikawashwa. Spana akajinyoosha kwenye benchi, akatazama huku na huku kwa furaha.

— Pamependeza, akasema. Ila ile kona naona imebaki tupu. Kule stoo nina taa moja ya zamani, ya shaba, imevunjika kidogo tu, nadhani Machteld anaweza—

— Hapana, akasema Fenna.

Duara lote likageuka. Fenna aliweka sahani yake juu ya magoti, mashavu mekundu, amekaa katikati ya viti vyake kumi na benchi moja.

— Sijamaliza kusema, binti.

— Najua, mzee Spana. Asante sana. Hapana.

Machteld alimtazama bintiye. Kisha akafungua mdomo, akalijaribu neno hilo yeye mwenyewe, kwa sauti ndogo, kama anayeonja chumvi.

— Hapana, mzee Spana.

Ratiba akachukua chupa ya chai kummiminia Spana kahawa ya kumfariji. Akaiinamisha mpaka mwisho, likatoka tone moja, na kahawa ikawa imekwisha.